Jino Moja la Gia

Maganga alipofariki niliitwa kabla ya ndugu zake wengi, na sikuitwa kulia. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Msiba wa mtani una kazi zake. Mtani ndiye anayefika amevaa kanzu ya marehemu nyuma mbele, anayeiga mwendo wake na kikohozi chake, anayelala juu ya jeneza tupu na kusema kwamba halitoki uani mpaka apewe kitu. Wenye msiba hawaruhusiwi kukasirika, maana utani hauna kesi. Basi mwanawe wa mwisho alipokuja kunigongea asubuhi, macho mekundu, alisema tu, "Shikamoo mjomba. Baba ametutoka. Mama anasema njoo ufanye kazi yako." Nilivaa viatu, nikatafuta fimbo yangu, nikatoka. Kutoka kwangu Msamvu hadi kwake Mwembesongo si mbali, hata kwa miguu yangu ya sasa, lakini siku ile nilisimama mara mbili njiani. Kulikuwa na jambo nililotakiwa kumwambia yule mtu, nami nilikuwa nimeliahirisha kwa zaidi ya miaka arobaini, kana kwamba yeye na mimi tuliahidiwa kuishi milele.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Habari za nani alinizaa na ukoo wetu ulishuka kutoka mlima upi, waulizeni wazee wa kwetu, wanapenda kuzisimulia. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mwisho kabla ya Wajerumani kuletewa vita yao hapa kwetu. Reli ilikwishapita Morogoro ikaenda zake bara, na nyuma ya stesheni Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Kiko, kwa ajili ya kiko chake kisichozimika, alikuwa na ghala la ulanga, lile jiwe la milimani linalong'aa na kubanduka majani majani. Wachukuzi waliushusha ulanga kutoka Uluguru kwa vichwa, wanawake wakaukalia bandani na visu vidogo wakiubandua na kuuchambua, halafu ukapangwa masandukuni ukaenda pwani kwa treni. Kando ya banda hilo palikuwa na karakana ya mabati, na ndani ya karakana alikuwa Maganga, fundi, mtu wa miaka kama thelathini, aliyejifunza chuma kwenye ujenzi wa reli. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimeshajua kila kitu.

Tulilala chumba kimoja nyuma ya karakana. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, mtungi, kigoda, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikutoka hata tulipofua. Ukuta mmoja ulikuwa wa matete matupu, na upande wa pili walikaa wanawake wa ulanga, kwa hiyo tuliishi ndani ya mazungumzo yao kutwa nzima. Tulijua nani ameachwa, nani amepika kisamvu bila nazi akamsingizia mbuzi. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Yule Mnyamwezi ana mikono mizuri. Huyu mwenzake ana mdomo tu." Wakacheka wote. Huyo aliyesema aliitwa Zena, Mluguru mwenzangu kutoka upande wa Kinole, na sauti yake niliijua majuma mawili kabla ya kuiona sura. Maganga alikuwa anakoroga ugali wa mtama. Hakugeuka, lakini niliona masikio yake yakicheka. "Umesikia dada yako anavyosema kweli?" akaniuliza. Nikamwambia Mnyamwezi hana mikono, ana kwato, kwa vile amezoea kubeba mizigo ya watu. Ndivyo tulivyoishi. Alikula ndizi zangu bila kuomba, nami nilivaa kofia yake nikaenda nayo msikitini, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Sikumwamkia shikamoo hata siku moja ingawa alinizidi umri. Angenipiga na mwiko.

Pikipiki ya Bwana Kiko ilikuwa ya kwanza mimi kuiona, na nadhani ya kwanza kwa watu wengi wa mji ule. Ilikuwa na silinda moja, mkanda wa ngozi wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na mlio uliofanya kuku wa sokoni wakimbilie chini ya meza. Ndani ya injini yake palikuwa na chuma chenye nundu mbili. Vijana wa gereji za hapa Msamvu leo wanakiita kamshafti. Sisi tulikiita nundu, basi. Nundu moja huinua valvu ya kuingiza hewa na mafuta, nyingine huinua valvu ya kutoa moshi, na gia mbili zenye meno ndizo zinazoamua kila valvu ifunguke wakati gani. Ukikosea jino moja, injini itawaka, itapiga kelele, itakupa moyo, kisha mlimani itakuaibisha. Kiwandani huwa wanatia nukta kwenye meno ili fundi alinganishe nukta na nukta. Lakini ile gia kubwa ya Bwana Kiko ilikuwa imelika, na mpya iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam haikuwa na nukta yoyote. Ilibidi tupime wenyewe.

Maganga alikuwa na namna yake ya kupima, na sijawahi kuona mtu mwingine akiifanya. Alifungua plagi, akatumbukiza bua jembamba la mtama kwenye tundu lake mpaka likagusa pistoni. Akizungusha injini taratibu kwa mkono, bua linapanda, linafika juu kabisa, linasita, linashuka. Hapo juu ndipo mambo yote yalipo. Kisha alichukua majani mawili ya ulanga, membamba kiasi kwamba ungeweza kuona mwanga wa dirisha kupitia ndani yake, akayachomeka chini ya miguu ya valvu, moja huku, moja kule. Valvu ikianza kuinuliwa, jani lake linabanwa. Valvu ikikaa, jani linalegea na kuteleza. "Bua likisita juu," alinifundisha, "huku jani lilegee, kule jani libanwe. Macho yako usiyape kazi hii. Macho yana haraka." Kisha alizungusha injini mizunguko miwili kamili akapima tena, na tena. Mara tatu, hakupunguza. Majani yenyewe yalibanduliwa na Zena, ambaye kwa kisu chake aliweza kutoa jani jembamba kuliko mtu yeyote bandani. Alikuwa akiyaleta yamefungwa ndani ya kipande cha jani la mgomba, na siku akileta, Maganga alinawa mikono kabla ya kuyapokea. Mimi niliona mambo hayo yote, nikayacheka.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima niseme kwamba mwezi ule niliugua homa. Nililala siku tisa. Maganga alinipikia uji, akaninywesha kwa kata huku akisema Mluguru akifa bondeni ni taabu, nani atambeba mpaka mlimani. Nilipoinuka nilikuwa mbavu tupu na suruali ilishikwa na kamba. Siku hizohizo mchukuzi mmoja aliyelala njiani na mzigo wake kwa sababu ya homa alichapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kama ilivyokuwa desturi yao. Siku ya tatu akafa. Wanawake walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, lakini matete hayazuii sauti. "Hakufa kwa kiboko," mmoja alisema, "amekufa kwa kiboko juu ya homa." Maganga aliacha kutafuna. Alinitazama mbavu, kisha akaendelea kula.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumeipachika gia mpya kwa kukisia, na ilibaki kupima. Lakini majani ya ulanga yalikuwa yamekatika, nami ndiye niliyeyakata, kwa kuyavuta yakiwa bado yamebanwa. Maganga aliitwa stesheni kusaidia winchi iliyokwama. Akiwa mlangoni aliniambia, "Usifunge. Zena analeta ulanga mwingine mchana. Nikirudi tutapima sote wawili." Akaenda. Nikabaki na injini iliyo wazi na kiburi changu. Baada ya sala akaja Bwana Kiko, kiko mdomoni, saa mkononi. Wageni wake wakubwa walikuwa wanafika jioni hiyo, na alfajiri ya kesho yake alitaka kuwatangulia njia ya milimani akiwa juu ya pikipiki. Hakumwulizia Maganga. Aliniuliza mimi. "Fundi. Tayari?"

Hakuwahi kuniita fundi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi. Nikamwambia, "Tayari kidogo tu, Bwana. Nafunga." Nikainama, nikatazama valvu kwa macho, nikaona kwangu ziko sawa, nikafunika kifuniko nikakaza skrubu. Injini iliwaka kwa teke la pili. Bwana Kiko akanipiga begani, akaipanda pikipiki yake akaenda nayo nyumbani. Vumbi lilikuwa bado halijatua Zena alipofika na kifurushi chake cha jani la mgomba. Alitazama pale pikipiki ilipokuwa. "Umeshafunga?" akauliza. Nikamwambia jicho la fundi linatosha. Hakucheka. Nikaona aibu, nikamwomba, "Dada, usimwambie Maganga." Akaniwekea kifurushi juu ya kigoda. "Mimi na vyuma vyenu wapi na wapi," akasema, akarudi bandani.

Jioni Maganga alirudi na grisi mpaka kwenye viwiko. Alinawa, akakaa kitandani, akaniuliza, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima." "Mara ngapi?" "Mara tatu." Akauliza tena, kwa upole, jambo lililonishangaza maana hakuwa mtu wa upole, "Mara tatu kweli, Mluguru?" Nikasema kweli, nikamtania kitu fulani kuhusu winchi. Tulikula mihogo na maharage. Asubuhi kabla ya adhana nilisikia kitanda chake kikilia. Alitoka bila kunywa uji, yeye ambaye bila uji hakusalimia mtu. Alirudi jua likichomoza, vumbi hadi magotini, akipumua. "Ameshaondoka," akasema. Sikumwuliza ni nani, wala alikuwa amefuata nini huko alikotoka. Nilidhani ana mambo yake.

Pikipiki ilikwenda vizuri kwenye tambarare. Kwenye mwinuko wa kwanza ikaanza kukohoa, ikapata moto, ikapiga mlio kwa nyuma, ikazima. Bwana Kiko aliipiga teke mpaka akachoka. Wageni wake wakampita kwa farasi. Mwishowe aliisukuma mwenyewe kurudi mjini, kofia mkononi, uso mwekundu, akapita katikati ya soko siku ya Jumamosi, na mama mmoja muuza ndizi akashindwa kujizuia. Kicheko kile, nilisimuliwa baadaye, kilimfuata hadi relini. Alipofika karakana alituita nje sote, wachukuzi na wanawake wa ulanga pia, na nyapara akaja na kiboko. Bwana Kiko aliuliza swali moja tu. "Nani amefunga injini?" Alijua. Alikuwa amesimama pale akiniangalia nikifunga. Lakini hasira ina usahaulifu wake, au labda kwake sisi wawili tulikuwa mtu mmoja tu. Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua. Kabla neno halijatoka, Maganga akasema, "Mimi, Bwana. Karakana ni yangu."

Sitaeleza sana. Alilazwa juu ya pipa. Nyapara alihesabu kwa sauti, na mimi nilisimama hatua sita kutoka pale, nikatazama mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyeniziba mdomo. Watu wakisimulia ujana wao huwa wanasema hofu iliwafunga miguu, na huenda wengine ni kweli. Mimi miguu yangu ilikuwa mizima. Nilikuwa nahesabu pamoja na nyapara, na kila namba iliyopita nilijiambia sasa nimeshachelewa, ya nini tena.

Alilala kifudifudi siku nane. Mimi ndiye niliyempaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na Zena alileta mchuzi wa kunde akaupitishia kwenye tundu alilolipanua kwenye matete. Alinitania kwa kila kitu. "Polepole, Mluguru, mikono yako ya kuchimba viazi." "Usilie juu ya mgongo wangu, chumvi inauma." Nami nilikuwa nalia kweli. Siku ya tisa akainuka, akaenda karakana akitembea kama mzee, akafungua kile kifuniko mbele yangu. Akatumbukiza bua. Akachukua majani ya Zena kutoka kwenye kifurushi ambacho hakuna aliyekifungua, akayachomeka. Bua likasita juu, na pale ambapo jani lilitakiwa kulegea, likakaa limebanwa. Jino moja. Aliitoa gia, akaisogeza jino moja, akaipachika. Akapima mara tatu. Mimi nilishika taa ingawa palikuwa mchana. Nilingoja aniulize. Kama angeuliza ningesema, naapa. Akakaza skrubu ya mwisho, akafuta mikono, akasema, "Haya. Tukale."

Mwisho wa mwaka alimwoa Zena, nami ndiye niliyebeba mahari mpaka Kinole nikiimba matusi dhidi ya bwana harusi njia nzima, kama inavyotakiwa. Halafu vita ikaja, Bwana Kiko akaondoka na pikipiki yake, ghala likabaki na popo. Sisi tulibaki hapahapa. Maganga alifungua karakana yake ya baiskeli, mimi nikafungua yangu, tukaibiana wateja. Karibu kila Alhamisi nilikwenda kwake kunywa kahawa. Alinitania kuhusu meno yangu, wake zangu, nyumba yangu iliyoinama, namna ninavyosoma gazeti nikiwa nimelishika mbali. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunitania kuhusu ile pikipiki. Mtu asiyejua utani hataelewa uzito wa jambo hilo. Mtani wako hukutania kwa ugumba, kwa umaskini, kwa msiba. Kile anachokiacha bila kukigusa ndicho kinachouma. Nilijipa moyo kwamba hajui, kwamba aliamini gia ilisogea yenyewe wakati wa kukaza. Fundi kama yule! Lakini ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya msiba, basi, nilivaa kanzu yake nyuma mbele. Nilitembea kwa mwendo wake, nikakohoa kikohozi chake, na wajukuu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wakilia, jambo ambalo ndilo kazi yenyewe. Shehe alitazama pembeni kwa adabu. Nikalala juu ya jeneza tupu uani, nikakunja mikono. "Halitoki," nikasema. Wakauliza kwa nini halitoki. Ni desturi waulize, na mtani atoe mashtaka yake. Nilikuwa nimeandaa mashtaka ya kuku na kofia. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Halitoki kwa sababu huyu mtu alichapwa hamsa ishirini kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyefunga injini bila kupima. Nikamdanganya nimepima mara tatu. Akachapwa, nami nimesimama natazama."

Uani wote wakacheka. Walicheka sana, wengine wakashikana mabega. "Wallahi ni kweli," nikasema, nikainuka nikakaa. "Naapa, jamani, ni kweli." Wakacheka zaidi, maana mtani akila kiapo ndiyo utamu wenyewe. Kijana mmoja akaniletea jogoo aliyefungwa miguu ili niachie jeneza. Nikampokea. Wakalichukua jeneza, tukaenda kuzika.

Tuliporudi niliingia ndani kumpa pole Zena. Alikuwa ameshaingia eda, amekaa nyuma ya pazia, nami nikakaa upande wangu na jogoo miguuni. Nikamwambia pole, dada. Akasema ahsante, kaka. Kisha akasema, "Nimekusikia uani."

"Ilikuwa kweli, dada."

"Nani alileta ule ulanga? Nilikwenda nikamkuta stesheni jioni ileile, nikamwambia umefunga bila kupima. Nilidhani ataifungua. Alfajiri akaenda kwa Bwana, akakuta ameshaondoka nayo." Nikaikumbuka asubuhi ile, na vumbi lile magotini. "Alikuuliza, hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Mara mbili, aliniambia. Akasema mbavu zako zile hazikuwa za kuchapwa, basi. Hakukasirika kwa hilo." Nilimsikia akivuta pumzi nyuma ya pazia. "Lakini alikungoja, kaka. Kila Alhamisi ukibisha hodi alikuwa ananiambia, 'Zena, ongeza maji kwenye birika, huenda leo akakaa aseme.'"